Mtumbwini Hakuna Shikamoo

Fundo la tatu ndilo lililokataa kufunguka. Kelestini alilikwaruza kwa ukucha, akaligongagonga kwa mpini wa kisu, mwisho akalitia mdomoni na kulivuta kwa meno. Mzee mzima wa miaka hamsini na tisa, mwenyekiti wa jumuiya kanisani, amejificha nyuma ya ghala la mpunga anatafuna kamba kama mbuzi aliyechoka kufungwa! Alijua binti yake angerudi kutoka zahanati kabla ya saa nne. Alijua pia kwamba anachokifanya ni aibu. Lakini ukilinganisha aibu ile na nyingine aliyokuwa akiikimbia, hii ilikuwa ndogo, na mtu aliyezidiwa huchagua mzigo ulio mwepesi.

Kamba yenyewe ilikuwa ya marehemu baba yake. Wavuvi wa ukoo wao hawakuchora safari, waliifunga. Kila fundo lilikuwa mahali pa kulala, na kati ya fundo na fundo walipima kwa shubiri: shubiri moja, saa moja ya kupiga pondo. Mtu aliyepanga safari ya siku nne au tano mtoni alikaa chini na kamba yake, akaipitisha vidoleni fundo baada ya fundo, akajua atakula wapi, atalala wapi, na wapi hapaswi kukutwa na jua la jioni. Kamba ile ilikuwa imening'inia juu ya meko kwa miaka ishirini, ikila moshi mpaka ikawa nyeusi. Kelestini hakuwahi kuishusha tangu siku aliyoupa mto kisogo akashika jembe.

Hatimaye fundo likaachia. Palipokuwa na fundo pakabaki kipande kilichojikunja, cheupe, kwa kuwa moshi haukuwahi kufika ndani yake. Kelestini akachota masizi ya sufuria kwa kidole, akapapaka. Akaitazama kazi yake kwa mbali, akajiambia kwamba haionekani.

Na jambo lenyewe lilikuwa hili. Surua ilikuwa imeingia katika kambi za wavuvi katikati ya bonde. Pale Mikuyuni walikuwa wamezika watoto wawili katika wiki moja. Masika yalikuwa yamefika mahali pake. Kutoka Mchombe ukitazama kusini huoni tena mashamba, unaona maji na majani mpaka macho yachoke. Boti la injini lilijaribu mara moja, matete yakajisokota kwenye mapanga yake, likarudi linaburutwa. Kilichobaki ni mtumbwi. Zahanati ilihitaji mtu wa kwenda na chanjo, kambi kwa kambi, kutoka Mchombe hadi darajani Ifakara ambako gari lingemngojea. Aneth, muuguzi mdogo kuliko wote pale, ndiye aliyeinua mkono. Masharti yalikuwa mawili. Mtumbwi ulichukua kasha la baridi na watu wawili tu, mmoja mbele na mmoja nyuma. Na barafu ya ndani ya kasha ilidumu siku nne. Siku ya tano dawa ile isingekuwa na tofauti na maji ya kunywa.

Aneth hakuwa mtoto wa kumzaa Kelestini. Alikuwa binti wa mdogo wake, Donati, aliyekufa mtoni mtoto huyu akiwa na miaka minne. Mama yake aliolewa tena huko Malinyi, na mtoto akabaki kwa baba yake mkubwa, akalelewa na Yosefina mke wa Kelestini, akasomeshwa kwa mpunga wa shamba lile lile. Katika nyumba hiyo hakuna aliyewahi kutamka neno "yatima." Alimwita Kelestini Baba, basi. Na habari ya kifo cha Donati aliijua kama kila mtu alivyoijua: kiboko aliibuka chini ya mtumbwi, ghafla, bila onyo, na kazi ya Mungu haina makosa. Kelestini alikuwa ameisimulia hivyo mara nyingi hata siku nyingine yeye mwenyewe aliiamini.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mwanangu. Huko kazini hamjambo?"

"Hatujambo. Umeshaishusha kamba? Nilidhani utabisha mpaka jioni."

Aneth alivua viatu, akakaa kwenye jamvi ambalo juu yake Kelestini alikuwa ameitandaza kamba, akalaza daftari lake pembeni. Alikuwa na uso wa Donati, paji pana na macho yasiyopepesa akisikiliza. Kelestini alikuwa amezoea uso ule kama mtu anavyozoea goti linalouma. Siku nyingi halisemi kitu, siku nyingine linamwamsha.

"Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi mnaondoka," akaanza, kidole kwenye ncha ya kamba. "Saa sita za pondo, mnafika Mikuyuni. Mnachanja, mnalala. Jumanne saa saba za pondo mpaka Kwa Mbuta. Muwahi, mchana upepo unaleta mawimbi. Kwa Mbuta mnalala. Jumatano mnaamkia safari hadi Kisiwa cha Korongo, Alhamisi mpo darajani."

Aneth aliandika. Kisha akaweka kalamu chini, akaanza kupima kwa shubiri yake kutoka Kwa Mbuta kwenda mbele. Moja, mbili, tatu. Kelestini alimtazama mkono.

"Baba, hizi ni saa kumi na moja. Siku nzima bila kushuka?"

"Ndivyo mto ulivyo."

"Na Chungu Kimoja?"

Ni miaka mingi jina hilo halijatajwa katika ua ule. Palikuwa mahali pa mwinuko ambapo wavuvi wa zamani, wawe ishirini wawe thelathini, walipika katika chungu kimoja na kula pamoja, ndipo wakapaita hivyo. Kelestini alivuta pumzi.

"Pale pamekufa. Maji yalipachukua zamani."

"Mbona daftari langu lina watoto kumi na mmoja wa Chungu Kimoja? Desemba nimemzalisha mama aliyetokea huko. Alisema pana nyumba tisa."

"Watakuwa wamehama."

Aneth hakubisha. Hakulelewa kubishana na wakubwa. Alipitisha tu kidole juu ya kamba, taratibu, kama anayetafuta mshipa wa mgonjwa, hata kikafika palipojikunja. Kikasimama. Akasugua kidogo. Alipokiinua, kidole kilikuwa na masizi mabichi, na chini yake kamba ilikuwa nyeupe.

"Baba, hapa palikuwa na fundo."

"Panya," alisema Kelestini. "Nyumba hii ina panya."

"Panya huyu anajua kufungua mafundo?"

Aliuliza kwa sauti ya utani, lakini macho yake hayakuwa na utani. Kelestini angesema nini kama asingebishiwa hodi wakati ule, Mungu ndiye ajuaye.

Aliyebisha hodi alikuwa Eustaki, mpiga pondo ambaye sifa zake zilivuma kutoka Mlimba mpaka darajani. Miaka sitini na mitano, kifua bado kimesimama, na ulimi wenye nguvu kuliko kifua. Wanaume wengi wa rika la kazi walikuwa wameshakwenda kuvua. Yeye ndiye aliyepatikana, na alijua kwamba ndiye aliyepatikana. Kelestini alimwamkia, Aneth akamwamkia, akaletewa kigoda.

"Mimi nyuma, binti mbele," Eustaki alisema hata kabla ya kukaa vizuri. "Limekwisha hilo."

"Sawa, Mzee," Aneth alisema. "Mbele nimepazoea, hata nilipokuwa kazini Idete tulikuwa tunatoka hivyo na mtumbwi. Nitakuwa ninaita."

"Unaita nini?"

"Njia. Kulia, kushoto."

Eustaki alicheka, kicheko kizuri cha mtu asiye na kinyongo, na hilo ndilo lililotisha. "Binti, mto huu nimeunywa kabla baba zako hawajazaliwa. Wewe kaa mbele ushike kasha lako lisilowe. Njia niachie mimi. Sijafika umri wa kuendeshwa na mtoto."

Kelestini alikuwa ameshika ncha ya kamba. Aliona vidole vyake vinaikaza bila yeye kuviambia.

Kwa maana sheria ya mto haikuwa hiyo, na Eustaki aliijua kama alivyoijua yeye. Baba yao aliwafundisha Kelestini na Donati wakiwa wadogo, tena kwa fimbo ya mtete: mtumbwini hakuna shikamoo. Nchi kavu mdogo anamsikiliza mkubwa, na ni vizuri. Lakini ndani ya mtumbwi mtu wa nyuma ana nguvu, hana macho. Mbele yake kuna mzigo na mgongo wa mwenzake. Mtu wa mbele ndiye anayeyaona maji usoni, ndiye anayekiona kiputo kinachopanda na jani linalotikisika pasipo na upepo. Akiita, unageuza. Awe mdogo wako, awe mwanao, awe mtu uliyemfundisha jana kushika kafi. Unageuza kwanza, maswali mnaulizana ufukoni.

Ilimpasa kuyasema hayo palepale. Angeyasema, Eustaki angemuuliza ni lini alianza kuwafundisha watu mto aliouacha miaka ishirini. Na Aneth, ambaye tayari alikuwa na masizi kidoleni, angemtazama.

"Mzee Eustaki anaujua mto," akasema.

Aneth alimtazama hata hivyo. Kisha akakunja daftari.

Jumapili Kelestini alikaa kanisani mpaka mwisho, lakini wakati wa komunyo alibaki kwenye benchi, na Yosefina akaona. Walipokuwa wakirudi nyumbani, wakikwepa madimbwi, alimwambia bila kumtazama, "Tangu jana unakula kama mgonjwa. Kama kuna neno, Baba Aneth, liseme lingali linasemeka."

"Hakuna neno."

"Haya," alisema Yosefina, kwa namna ya mke anayejua kwamba lipo.

Adhuhuri walikwenda ufukoni kuujaribu mtumbwi. Walitia mawe ndani ya kasha ili liwe na uzito wa siku ya safari, wakapakia madumu ya maji, mkeka na kifurushi cha unga. Watu kadhaa waliotoka kanisani walisogea kutazama, maana Jumapili ya masika haina mengi ya kutazama. Kelestini alisimama nyuma yao, amevaa viatu vyake vya ibada.

Eustaki alisukuma pondo mara tatu, mtumbwi ukatoka kwa utulivu ulioleta vigelegele. Kazi yake aliijua, mtu asimnyime haki. Aneth alisimama mbele na pondo fupi mkononi, magoti yamelegea kidogo, anatazama maji. Kelestini aliuona mgongo ule. Donati alisimama hivyo hivyo.

"Kushoto, Mzee!" Aneth aliita.

Eustaki alitazama kushoto. Palikuwa na majani. Akatazama mbele, palikuwa na maji meupe, wazi, yasiyo na hata jani. Akawageukia watu wa ufukoni, akatabasamu kama anayesema mnamsikia huyu, na akasukuma kwenda mbele.

"Kushoto!"

Kilisikika kishindo kimoja kizito. Lilikuwa gogo tu, gogo la mkuyu lililolala shubiri moja chini ya maji. Mtumbwi ulipanda upande mmoja, Aneth akaanguka kwa magoti akilikumbatia kasha, maji yakaingia kwa ubavu. Eustaki alikita pondo, akajipinda, akausawazisha kwa ustadi ambao wachache wangekuwa nao. "Hamna neno!" alipaza sauti. "Hamna neno! Ndiyo mto huo!" Na watu wakacheka, kwanza kwa hofu, kisha kwa raha.

Kelestini hakukumbuka jinsi alivyoingia majini. Alijikuta yamemfika kiunoni, viatu vimejaa tope, na sauti inayotoka kifuani mwake ikiwa kubwa kuliko alivyodhani anayo. "Mtoe! Mtoe mtoto humo! Mrudishe!"

Walirudi. Kicheko kilikuwa kimekwisha. Eustaki aliruka ufukoni, bado anatabasamu, akamshika bega. "Kelestini, ndugu yangu, gogo tu hilo. Mbona umepauka?"

"Donati naye aliita."

Alilisema kwa sauti ya kawaida kabisa. Yosefina, aliyekuwa akikamua maji kwenye mkeka, aliacha kukamua. Aneth alikuwa ameweka mguu mmoja nchi kavu na mwingine bado mtumbwini.

"Aliita kulia," Kelestini aliendelea, na sasa akamtazama Aneth, kwa sababu kama angetazama kwingine asingemaliza. "Mara mbili. Nilimsikia kama ninavyowasikia ninyi. Asubuhi ile tuliamkia Chungu Kimoja. Mimi nilisema maji yanapungua, tungoje. Yeye akasema yanapanda. Tulikuwa tumechomeka kijiti ukingoni jioni, kama kawaida. Wavuvi wenzetu wakaenda kukitazama, kimezama chote. Wakacheka, wakasema leo mdogo kamshinda mkubwa. Nikapanda mtumbwini na kicheko chao. Tulipoingia kwenye mkondo, Donati akaita kulia. Mimi sikuona kitu kulia, niliona matete tu. Nikasema moyoni, huyu ataniamrisha mpaka lini? Nikalishikilia pondo. Si muda mrefu. Muda wa kumeza mate."

Aneth alitoa mguu wa pili mtumbwini.

"Na kiboko?" Aneth aliuliza.

"Alikuwa kushoto. Baba yako alikwisha kumwona."

Ilikuwa mara ya kwanza katika miaka ishirini Kelestini kumwambia "baba yako" akiwa na maana ya mtu mwingine. Wote wawili waliisikia.

"Kaburi ulisema lilichukuliwa na maji."

"Lipo. Chungu Kimoja, penye mwinuko. Tulimpata siku ya pili. Wenyeji wanalifyeka kila kiangazi, nimesikia. Mimi sijarudi."

Aneth aliinama, akafungua kasha, akaanza kutoa mawe moja baada ya jingine na kuyaweka mchangani, bila kuyatupa. Lilipobaki tupu akalibeba kichwani akaondoka. Yosefina alimtazama mumewe, akamfuata binti yake. Kelestini aliona khanga zao mbili zikipotea nyuma ya mashamba, na akaona kwamba kitu alichokiogopa kwa miaka yote ile kilikuwa kimemfika sasa, mchana kweupe, na hakuwa na pa kujificha tena.

"Kwa hiyo unasema na mimi ningemuua," Eustaki alisema. Tabasamu lilikuwa limemtoka, na bila hilo alionekana mzee.

"Nasema mimi niliua. Wewe sijui, kaka. Wewe unajijua."

"Mbele ya watu?" Eustaki alichukua pondo lake. "Haya. Tafuteni mtu wenu." Akapanda zake kijijini, na waliokuja kutazama wakapukutika mmoja mmoja, kwa adabu, kama watu wanaotoka msibani kabla ya chakula. Kelestini alibaki na mtumbwi uliojaa maji nusu. Hakujua afanye nini na mikono yake, akashika kata akaanza kuyachota.

Mchana ule wote alimsikia Aneth kwa kupitia midomo ya watu. Kafika kwa fulani, kaambiwa mgongo unauma. Kafika kwa fulani, yuko kambini. Kamfuata mwingine mpaka reli ilipo, kaambiwa masika haya hata kwa dawa ya Ulaya haendi mtu. Mpaka jua linaelekea kushuka hakuwa amepata mtu wa nyuma. Wala hakwenda kwa Kelestini, ingawa alirudi nyumbani, akala, akaosha vyombo, akapita mbele yake mara tatu kama anavyopita mtu mbele ya nguzo.

Ukubwa ni jaa, wahenga walisema, na kila takataka hutupwa hapo. Kelestini alikuwa ameupenda msemo ule maisha yake yote. Aliutumia jumuiyani akitukanwa, aliutumia nyumbani akikosewa. Jioni ile, akiwa amekaa kwenye kigoda chake, alitambua kwamba hakuwahi kuwa jaa hata siku moja. Alikuwa mtu aliyechekwa mara moja asubuhi, akashindwa kulibeba hilo mpaka adhuhuri.

Jumatatu saa kumi na moja na nusu barafu ililetwa kwa pikipiki kutoka zahanati, ikapangwa kashani, chanjo zikawekwa katikati, kifuniko kikabanwa. Siku nne zilikuwa zimeanza kuhesabika. Yosefina alisimama mlangoni kwa mumewe.

"Mimi sijui nikuambie nini," alisema. "Siku nyingine nitajua, na utanisikiliza mpaka nimalize. Lakini barafu haimngojei mtu amalize hasira zake. Wala woga wake."

Kelestini alipandisha mkono darini. Pondo la baba yake lilikuwa bado pale, refu, jepesi kuliko alivyolikumbuka, au labda ni mikono iliyosahau. Akalipangusa vumbi kwa shati.

Alimkuta Aneth ufukoni peke yake, amesimama kando ya mtumbwi na kasha miguuni. Kulikuwa kumekucha vizuri. Ndege wa majani walikuwa wakipiga kelele zao na ukungu ulikuwa umeanza kuachana na maji. Aneth alimtazama akija, akalitazama pondo. Hakumwamkia. Tangu alipojua kusema, haikuwahi kutokea asubuhi akamwona Kelestini asimwamkie. Kelestini aliingoja shikamoo ile kidogo, kwa mazoea tu, kisha akaacha kuingoja.

"Sijashika pondo miaka ishirini," alisema. "Mwili unakumbuka, lakini si mwili wa kijana. Nitachoka, na nikichoka nitakuambia. Nitakaa nyuma. Ukiita, sitauliza."

Alisimika pondo mchangani.

"Na ukiniambia nishuke, nitashuka. Popote."

Kwa mbali, upande wa Mlimba, treni ilipiga honi. Aneth alilitazama kasha, akakitazama kifuniko kilichoanza kutoa matone ya baridi. Kisha akatia mkono mfukoni mwa koti lake la kazi, akatoa kamba. Fundo la tatu lilikuwa limefungwa tena. Halikuwa fundo la wavuvi. Lilikuwa bapa, la pande mbili, lile ambalo wauguzi hufungia bandeji ili lisimuumize mgonjwa akilalia. Lakini lilikuwa mahali pake.

"Jumatano tunalala hapa," alisema. "Watoto kumi na mmoja kwanza. Halafu utanionyesha."

"Nitakuonyesha."

"Sijakusamehe."

"Najua, mwanangu."

Neno "mwanangu" lilimponyoka. Alidhani Aneth angelirudisha, lakini Aneth alikuwa ameshainama kushika upande mmoja wa kasha, anangoja ashike upande wa pili. Wakalipakia. Akapanda mbele, akasimama magoti yamelegea. Kelestini akapanda nyuma. Mtumbwi ulipotikisika chini ya nyayo zake, kwa kitambo alidhani atashuka. Akakita pondo chini, akasukuma, na ufuko ukawaacha.

Walilipita gogo la jana. Waliingia palipokuwa shamba la mtu kiangazi, wakaelea juu ya matuta, wakatokea kwenye mkondo ambao matete yake yalisimama pande zote mbili marefu kuliko mtu. Maji yalipanuka yakawa njia mbili. Ya kushoto ilikuwa pana, nyeupe, imenyooka. Ya kulia ilikuwa uwazi mwembamba usiozidi upana wa mtumbwi, na matete yameinamiana juu yake.

Aneth aliinua mkono kidogo. Kelestini hakuona alichokiona. Mbele yake kulikuwa na kasha, na nyuma ya kasha mgongo wa Donati.

"Kulia," Aneth alisema.

Kila kitu katika mwili wa Kelestini kilitazama kushoto, palipo wazi. Ulimi wake ulikwisha kulishika swali. Mikono haikulingoja. Ilikita pondo kabla neno la Aneth halijaisha hewani, uzito wake wote ukaenda juu yake, na mtumbwi ukageuka, ukajipenyeza matete yakiwachapa usoni na mabegani. Nyuma yao, upande wa kushoto, maji yalifunguka na kitu kikubwa kikatoa pumzi ndefu.

Kelestini hakugeuka kukitazama. Alibaki ameukodolea macho mgongo uliokuwa mbele yake, pondo mkononi, akingoja.

Matete yakapungua. Mwanga ukarudi.

"Nyoosha," Aneth alisema, bila kugeuka.

Akanyoosha.